Chumvi ya Wimbo wa Mapasa

Ninyi wenye vidole vyepesi, munaosoma huku mumelala kifudifudi, kaeni kwanza. Mutu hasomi maneno ya mukubwa akiwa amejilaza kama muhogo uliolowekwa. Na kama munasomea mu telefone, pangusa ile mafuta ya mandazi ku kioo. Haya. Sasa tunaweza kusalimiana.

Mimi sikusoma sana. Masomo yangu ilifika pale mutu anajua kuandika jina yake na kusoma bei ya sabuni. Mengine nilijifunzia uzee ku parokia, pamoja na wanawake wenzangu, tukiazimana miwani. Kwa hiyo mukikuta herufi imeruka, rukeni nayo. Nataka kuwaambia habari moja tu, ya siku nilipoambiwa kama nimeiba sauti yangu mwenyewe. Kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, na mutu akinikuta nacheka peke yangu namuambia ni moshi. Mwanamuke wa umri wangu hacheki ovyo. Lakini hii, acheni tu.

Mambo ilianza na mapasa.

Mujukuu wangu wa kike, ule nililea mwenyewe tangu tulipokimbia Kashebere tukakuja kukaa hapa Kitshanga, alizaa mapasa, mwanamume na mwanamuke, wote wawili wenye makelele ya kutosha watoto sita. Kwetu mapasa hawatolewi inje ya nyumba kimya kimya kama vyombo vya kuosha. Wanatolewa na wimbo. Na wimbo ya mapasa si ya kanisa. Ni ya kutukanana. Upande wa mama unatukana upande wa baba, upande wa baba unarudisha, na hakuna anayekasirika, maana ni mapasa wenyewe njo wanaoomba ile matusi. Ukiwanyima, wanakataa kunyonya, wanatoka vipele, wanaangalia ukuta. Siku ile moja hata mimi, mwenye kupiga watu mwiko ku vidole kwa sababu ya neno moja chafu mbele ya bugali, nafungua mudomo yote.

Wimbo yangu nilipewa na shangazi yangu kule Ntoto, mbele ya kuolewa. Alinitia chumvi kidogo ku ulimi, akanifundisha, akaniambia sheria yake. Mbele ya kuimba, unataja kwa mudomo jina ya mwanamuke aliyekupa, na ya ule aliyemupa yeye, kupanda mupaka pale akili yako inakoma. Ile majina inasemwa tu, haiandikwi, njo maana hapa hamutaikuta, musipoteze wakati kuitafuta. Na ukienda kuiimba ku kilima ingine, unarudisha chumvi kwa aliyekupa, ao kwa watoto wake, kusudi wajue wimbo yao imetembea na imefika wapi. Hakuna kuomba ruhusa. Wimbo ni sawa mbegu ya maharagi, unachukua ku jirani, unapanda kwako. Lakini chumvi inarudi. Shangazi alisema wimbo bila chumvi inauma tumbo ya mwenye kuiimba.

Siku ya kutoa mapasa nilisimama mbele ya mulango, unga wa desturi umenijaa uso mupaka ku nyusi. Nikataja majina. Kisha nikaanza:

*Wewe wa kuzaa wawili, nani alikuonyesha njia?*
*Bwana yako ni mufupi, alipandia ku kiti gani?*

Mama ya bwana ni mwanamuke munene, wa chama cha wamama ku parokia, anayetembea sawa amebeba msalaba ya maandamano. Siku ile aliweka rozari mu mufuko, akakaza kikwembe ku kiuno, akanijibu:

*Muliomba ngombe nono, mukatuletea miguu ya kuku.*
*Mutoto wetu alilima mara moja, angalieni mavuno.*

Watu walianguka. Kuna mutu alikalia sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na haikuwa baridi. Na bwana mwenyewe, huyo mufupi, alikuwa anachukua video na mukono moja, na ingine anapangusa machozi ya kucheka.

Huyu bwana ya mujukuu namuita mukwe. Alikuwa na kioski pembeni ya barabara ya soko, ya mbao, yenye pano ya jua juu ya mabati na ordinateri moja ndani, ile kompyuta. Mutu anakuja na telefone yake, mukwe anamutilia nyimbo na filme mu karti, anamuchajia betri, anamufanyia foto ya pasipoti. Motari, wenye kubeba abiria ku pikipiki, walikuwa wanapanga mustari pale asubuhi, maana motari bila muziki, wanasema, anasikia kila jiwe. Bugali, sabuni, dawa ya mapasa, yote ilitoka mu ile ordinateri. Mumesikia? Yote. Shikeni hilo, tutalirudilia.

Basi mukwe akaiweka ile video ku internet, kusudi ndugu zetu waliokimbilia Uganda nao waone mapasa. Walioona si ndugu tu. Nilikuwa nikipita ku soko, wauza nyanya wananiita bibi, wananiuliza, «Koko, ku kiti gani?» Motari wananipita na sauti yangu inatoka mu mifuko yao. Hata katekista, mutu wa heshima sana, nilimukuta anafagia mbele ya kanisa na mwili wake unafuata ile mudundo. Aliponiona akaanza kukohoa.

Kisha asubuhi moja mukwe akaja mu kiwanja changu ameshika telefone na mikono mbili, sawa mutu mwenye kubeba yai.

«Koko, baliifunga ile video.»

«Nani?»

«Internet.»

«Huyo internet anakaa wapi? Nivae viatu.»

«Haiko mutu, Koko. Ni mashine. Inasema hii wimbo iko na mwenyewe, kule Goma. Inasema sisi tuliiba.»

«Tuliiba nini?»

Aliangalia chini. «Sauti yako.»

Nilijigusa ku shingo. Bado ilikuwako.

Akanisikilizisha ile wimbo ya mwenyewe wa Goma. Ngoma zilianza kupiga sawa kamio, lori kubwa, inashuka mawe bila freni, na katikati ya ngoma, mimi. Mimi kabisa, na kikohozi changu kilichonikamata katikati ya wimbo. Namuuliza mutu kama alipandia ku kiti gani, na kijana wa sauti ya sukari ananijibu kama ananipenda, nisimuache, bila mimi hawezi kulala. Nilimuambia mukwe arudilie pale. Akarudilia. Nilimuambia tena. Mujukuu wangu, ku kizingiti, mapasa moja mugongoni na moja ku ziwa, alipiga muguu chini.

«Ni mwizi,» akasema. «Koko, utamulaani?»

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kucheza.

Ngojeni niwaeleze, maana hata leo wananichekea. Mu kichwa yangu haikuingia kama mutu anaweza kusema wimbo ya mapasa ni yake bila kupewa. Sasa wote waliopewa na shangazi nawajua, nilizika karibu wote. Ila mudogo yake shangazi, aliyeolewa upande wa ziwa wakati mimi bado nachota maji na kibuyu kidogo. Alienda, hatukumuona tena. Basi kama kuna mutu Goma anasema wimbo ni yake, ni nani huyo, kama si mutoto ya ule mwanamuke ao mujukuu yake? Mashine ilituletea matusi, mimi nikasikia habari ya ndugu.

«Koko, si vile,» mukwe akasema.

«Nyamaza. Leta chumvi.»

Nilifunga chumvi mu jani ya mugomba kavu, nikatia juu majani mawili mabichi, moja kwa kila pasa, sawa desturi inavyotaka. Na siku ya soko nikaipeleka kwa Papa mwenye duka, mutu wa Butembo, mwenye kamio inayoshuka Goma kila juma kama njia iko wazi. Ni Mukatoliki wa kweli na mutu wa maneno machache. Anauza chumvi, anauza misumari, anasema «asante», amemaliza. Nikamupa ujumbe murefu, mutamu: ndugu yetu asalimiwe, mapasa wanamusalimia, atuambie alitoka ku tumbo ya nani, kama yule mama alikufa tujue kulia, kama yuko tuje. Mukwe alimuandikia ku jani jina ya kijana na kartie yake, mutaa anakokaa. Papa akatikisa kichwa, akaweka chumvi yangu kando ya kiti ya shofere.

Duka yake inaangaliana na kioski ya mukwe. Nikageuka nirudi, nikakuta kioski imejaa watu sawa kuna mutu amezimia.

Katikati yao alisimama ajenti. Shati imepigwa pasi, kadi ku shingo, kalamu mbili. Alikuwa mutu wa biro, ile ofisi inayoangalia mambo ya wasanii, na sitasema kama alikuwa mutu mubaya, maana alinisalimia mbele ya kitu chochote. Alisema wanaotia nyimbo mu telefone za watu bila mapatano na watungaji wanafanya piratri, wizi ya kazi ya watu, na sheria inakataza. Akasema kuna malalamiko kutoka Goma juu ya hii kioski na wimbo moja ya mapasa.

«Ile wimbo ni ya Koko yangu,» mukwe akasema.

«Iko na karatasi?»

«Iko na Koko.»

Watu wakacheka, lakini ajenti hakucheka, akafungua sakoshi. Njo wakaanza kushindana, na mimi nikakaa ku kiti kidogo cha mukwe, maana maneno mengine unayasikiliza muzuri ukiwa umekaa.

Motari moja, kijana wa koti ya ngozi hata mu joto, alisema, «Papa Ajenti, internet ni sawa muto. Nani anauza muto?»

«Muto haukutungwa na mutu,» ajenti akajibu. «Wimbo imetungwa. Kuna mutu alikosa kulala juu yake.»

«Sisi wote tunakosa kulala hapa, na hatulipwi.»

Papa mwenye duka alikuwa amevuka barabara, jambo ambalo halifanyi. Akasema, «Nikipakia maharagi ya mutu mu kamio bila kumuambia, munaniita nani?» Kwake ile ilikuwa hotuba.

«Hapana, Papa,» motari akamujibu. «Maharagi ukiichukua, mwenyewe analala njaa. Wimbo ukiichukua, mwenyewe anabaki nayo.»

«Anabaki nayo,» ajenti akasema, «lakini hakuna tena wa kuinunua. Utakula wimbo na chumvi?»

Kisha ule motari akasema neno moja lililonifanya nimuangalie upya, na koti yake. Alisema, «Papa, mimi siko mwizi. Ninaogopa kitu ingine. Asubuhi mbele ya kupakia mutu, ninaangalia telefone kama wenzangu banasema njia ya Mweso iko muzuri. Leo munatafuta nguvu ya kufunga wimbo. Hiyo nguvu mukisha kuipata, kesho nani atawakataza kufunga ule ujumbe? Sisi tunajua siku rezo, huu mutandao, inakatwa. Tunakuwa sawa vipofu ku barabara.»

Mimi nilikaa pale nikaona kila mutu iko na haki, na njo maana makelele haikuisha. Ubishi ambayo moja iko na haki na mwingine hapana, inaisha mbele ya viazi kuiva.

Lakini sheria ilikuwa na kalamu mbili. Ajenti alisema atachukua ordinateri, aiweke ku biro mupaka mwenye wimbo kule Goma aseme neno. Waliifunga nyuma ya moto, ile pikipiki, na kamba ya mupira, sawa mbuzi ya kupeleka ku arusi, ikaenda inatikisa kichwa. Mukwe alibaki anaangalia ku meza pale ilipokuwa, palikuwa safi, pembeni vumbi.

Siku zilizofuata hazikuwa za kucheka. Mukwe alibaki na kuchaji telefone tu, na wingu likikuja, hata hiyo hapana. Kisha akaanza kusema maneno ya machimbo kule Walikale, kama rafiki zake wanaenda, kama mutu anaweza kushuka mu shimo miezi kidogo na kurudi. Alisema kwa sauti ya chini, anaosha vikombe. Mujukuu wangu akamujibu bila kugeuka, «Machimbo inarudisha watu nusu. Mimi nilizaa wawili, sikuzaa kwa nusu.» Niliingia nyumbani kwangu nikasali, na mu sala nikatia neno moja kali. Nilijua: ordinateri isiporudi, yeye ataenda.

Sasa sikieni chumvi yangu ilifanya nini Goma.

Papa mwenye duka alipeleka mwenyewe, mutu wa neno lake. Lakini ule ujumbe wangu murefu, ulikauka mu tumbo lake njia yote kutoka hapa mupaka Sake. Alipofika ku mulango ya kijana, akanyoosha ile chumvi yenye majani mawili, akasema, «Koko wa Kitshanga anauliza ulitoa wapi.» Akageuka. Alikuwa na misumari ya kushusha.

Mama ya kijana alitoka jikoni, akaona majani mawili juu ya chumvi. Yeye ni mama wa muji, lakini bibi yake hakuwa wa muji. Akaacha sahani ikaanguka. «Uliimba mapasa?» akamuuliza. «Mapasa ya nani? Ulitaja nani? Angalia, balikuandama.» Kijana aliniambia kama hapo hapo alianza kujikuna.

Kwa hiyo mimi niko mu kiwanja changu saa sita, natwanga, mukwe mwenzangu, mama ya mukwe, ule wa rozari, amekuja kunisaidia kwa kukaa karibu na kunilaumu, na moto inaingia. Kijana mwembamba anashuka, pantalo imebana sawa ngozi ya sosiso, miwani nyeusi, nywele za rangi ya papai. Mugongoni amebeba mufuko muzima wa chumvi, ule wa duka, wa kutosha kukausha ngombe. Akapiga magoti mu maganda ya muhogo.

«Koko, niko hapa. Waambie baniache.»

«Nani akuache?»

«Mapasa.»

Niliangalia mapasa. Walikuwa wamelala ku mukeka, mwanamuke amemutia ndugu yake muguu mu sikio.

«Mwanangu,» nikasema, nikaacha kutwanga, «simama. Niambie kwanza, bibi yako ni nani? Aliolewa kutoka Ntoto?»

«Bibi yangu ni wa Rutshuru, Koko.»

«Na nani alikupa wimbo?»

Alijikuna ku shingo. «Niliikuta mu telefone. Ilikuwa ku internet. Niliona haina mwenyewe.»

Mukwe mwenzangu akasema taratibu, «Haina mwenyewe, na mwenyewe anakohoa ndani.»

Nawaambia ukweli, pale nilisikia kitu kimeanguka ndani yangu. Nilikuwa nimeisha kumupikia ule ndugu mu kichwa, nimeisha kumutandikia. Kumbe wimbo ilitoka mu koo yangu, ikapanda internet, ikashuka Goma, ikavaa ngoma, ikarudi kuniita mwizi. Nilitafuta hasira. Niliitafuta kweli, maana mimi najulikana kwa hasira. Nikamuangalia kijana, unga wa muhogo ku magoti, miwani imeteleza, anajikuna makalio anafikiri hatuoni. Na kicheko ikanikamata. Ilianzia tumboni, sikuweza kuishika, nikaegemea kinu. Mukwe mwenzangu akanishika, naye ikamukamata. Kijana hakujua kama alie ao acheke, akafanya vyote viwili.

«Chumvi haiwashi,» nilimuambia nilipopata pumzi. «Ni mavumbi ya njia. Oga. Lakini sikia. Kama ulitoa wimbo ku telefone, na mu telefone niko mimi, basi mimi njo niliyekupa. Wewe ni mutoto wangu wa wimbo. Nilitafuta ndugu, nikapata mujukuu mwenye nywele za papai. Sasa mutoto wangu amefungia mukwe wangu ordinateri. Tembea.»

Tulienda ku biro wote, mimi mbele, kijana katikati kusudi asikimbie, mukwe mwenzangu nyuma na pasa moja, mujukuu na ingine, na mukwe ametuita tumungojee lakini hatukumungojea. Ordinateri ilikuwa ku kona, imefunikwa na gazeti. Kijana akamuambia ajenti yote: alikuta video, alitoa sauti, alitia ngoma, mutu wake wa studio akaandikisha na kutuma malalamiko, mashine ikaamini.

Ajenti aliweka kalamu moja chini, akashika ingine. «Basi mambo imegeuka,» akasema. «Mama, mwenye haki ni wewe. Unaweza kumushitaki. Wimbo yake itafungwa, na vyombo vya studio inawezekana vichukuliwe. Unasema nini?»

Kijana alisahau kujikuna. Alisema kwa sauti ndogo, ya mutoto kabisa, «Koko, ile studio njo inalisha mama yangu.»

Niliangalia ile ordinateri chini ya gazeti. Nikafikiri, hii sheria ni sawa panga ya kuazima. Jana ilikuwa ku shingo ya mukwe wangu, leo wananipa mupini nikate mutoto wa mwenzangu, na mwenye panga amekaa tu anauliza kama iko na makali.

«Andika hivi,» nikamuambia. «Kwanza, ordinateri inarudi leo. Video yetu inafunguliwa leo. Na huyu ataimba upya, na mbele ya ngoma atataja kwa mudomo nani alimupa, na nani alimupa yule. Nitamufundisha majina. Chumvi amesha leta.»

«Mama, sheria haijui chumvi.»

«Basi sheria ikuje kwangu Jumapili ikule. Itaijua.»

Aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake inatikisika. Akaandika. Lakini alipomaliza alinyoosha kidole kwa mukwe, akasema zile nyimbo zingine na filme za watu wengine asirudilie kuzitia mu karti, mupaka apate mapatano na wenyewe. Mukwe akafungua mudomo abishe. Nikamutangulia. Nikamuuliza, «Wale wote uliotia mu karti za motari, ulisha kuwapelekea chumvi?» Akaanza kuhesabu ku vidole, akaacha. Kwa hilo ajenti alikuwa na haki, na mutu akiwa na haki namuachia, hata akiwa na kalamu mbili.

Kijana mwenyewe njo alimupa mapatano ya kwanza, pale pale, kwa nyimbo zake. Kisha akaandika majina ya rafiki zake wa muziki wa Goma, akasema atawaomba nao, maana afadhali kusikika Kitshanga na chumvi kuliko kubaki mu boksi bila mutu. Wengine walikubali, wengine hapana. Kioski ilifunguka ndogo kuliko zamani, lakini ilifunguka, na maneno ya machimbo yaliisha mu ile nyumba.

Jumapili watu walijaa mu kiwanja. Ajenti alikuja kweli, bila kadi ku shingo, na akaleta chumvi mu kikaratasi, kidogo, na haya. Tulisimamisha kijana wa Goma katikati, tukamupaka unga mupaka miwani, maana mutoto wa wimbo naye anatolewa inje. Nikataja majina. Yeye akarudilia moja moja, ulimi unateleza. Na nikaanza:

*Wewe wa nywele za papai, nani alikuivisha?*
*Uliiba sauti ya bibi, umeipata na kikohozi chake.*

Alirudisha. Sikumutegemea, lakini alirudisha, kwa ile sauti ya sukari:

*Bibi wa meno matatu, kwa nini unalilia sauti?*
*Nilikuvika ngoma za Goma, sasa wazee wanakutafuta.*

Katekista alikimbilia nyuma ya nyumba acheke kule. Mukwe mwenzangu alikaa chini mu matope na kikwembe ya Jumapili. Ajenti alicheka mupaka akashika shati yake ya pasi kama itapasuka, na ule motari wa koti ya ngozi alikuwa amemushika bega, hawakukumbuka kama wanabishana. Ubishi yao iko mupaka leo, kila soko, na siitaki iishe. Mukwe alichukua video, mukono moja, ingine ku macho.

Na kicheko ilipopungua kidogo, mbele ya mutu yeyote kugusa chakula, nilipiga mwiko ku sufuria na kusimamisha nyumba yangu yote, wakubwa na wadogo, na mutoto wangu wa Goma akiwa ndani ya mustari. Nikawaambia: «Kuanzia leo, mu hii nyumba hakuna wa kufungia mutu wimbo, na hakuna wa kuichukua kimya. Ukichukua, taja. Ukiletewa chumvi, pokea hiyo tu, usiombe tena na paa ya nyumba yake. Na wewe, mukwe, toa hiyo telefone juu ya sahani ya sombe, nawa mikono, na usiitume popote mbele haujasema majina.»